Shaba Chini ya Antena

Jumatatu, 3 Machi

Bodi sita za saketi leo. Nne zimetoka safi, mbili nimezirudia kwa sababu pasi ya mkaa ilipoa kabla wino wa mchoro haujashika kwenye shaba. Mkaa umelowa. Mvua tangu alfajiri hapa Bukiriro, na bati la karakana linavuja palepale juu ya meza, kama kwamba limetumwa.

Ni kazi ya zahanati tatu, jozi moja kila zahanati. Bodi ya kwanza inakaa kwenye friji ya chanjo na kupima joto. Ya pili inakaa nyumbani kwa nesi na kulia joto likizidi. Katikati yao hakuna waya. Redio tu, na antena mbili ndogo.

Asidi ya kula shaba imebaki chini ya nusu chupa. Inatoka Mwanza, na Mwanza si jirani. Kwa hiyo nafanya wanavyofanya mafundi wote wa huku: naacha shaba nyingi kadiri inavyowezekana. Shaba isiyoliwa ni asidi iliyobaki. Upande wa nyuma wa bodi nimeufunika wote kwa selotepu ili asidi isiuguse kabisa. Zile bodi mbili za mfano za mwezi uliopita nilizikatia kidirisha kwenye selotepu, chini ya antena, ili shaba ya pale iliwe. Leo sikukata. Vidirisha sita vinachosha.

Karatasi ya maelekezo ya kiwandani inasema kuzunguka antena pasiwe na shaba, mbele wala nyuma. Mbele nimepaacha wazi. Nyuma nani ataona.

Jumatano, 5 Machi

Kulehemu siku nzima. Shingo inauma.

Antena ni ndogo kama punje ya mchele. Ukipiga chafya umeipoteza. Nimepoteza moja. Leokadia, mke wangu, ameikuta kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akichagua barazani. Ameniuliza kama huo ndio mtambo ninaoukosea usingizi. Ndio huo.

Jozi zote tatu nimezijaribu. Bodi moja mezani, nyingine barazani. Zinalia. Zile za mfano nilizipeleka hadi kisimani na zikalia. Hizi sikuona haja ya kulowa.

Ijumaa, 7 Machi

Pikipiki hadi zahanati ya mlimani, upande wa Bugarama. Utelezi mtupu. Nimeanguka mara moja, polepole, kwa heshima.

Friji ni ya sola, ya zamani. Nesi anaitwa Domitila, mama wa makamo, mtu wa Biharamulo. Yuko hapa miaka kumi na kitu. Mumewe anafanya kazi kulekule Biharamulo, kwa hiyo anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyuma, ng'ambo ya migomba. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia huku anafuta friji ambayo tayari ilikuwa safi. Ameniambia kila jioni anavuka migomba kuja kuangalia kipimajoto, mvua inyeshe isinyeshe. Magoti yanamsumbua. Kengele hii ameisubiri.

Bodi ya kwanza nimeifunga juu ya friji. Ya pili nimempelekea mwenyewe hadi mlangoni kwake. Ndani sikuingia. Mama anayekaa peke yake, mwanamume wa nje haendi chumbani kwake, hata awe na bisibisi mkononi. Kesho yake kijiji kizima kingejua rangi ya mapazia. Nilikuwa nimeshatumbukiza waya wa kupimia kwenye kikombe cha maji ya moto kule kwenye friji. Nikasimama kizingitini, tukasubiri. Ikalia. Nesi alicheka na kupiga makofi.

Akaniuliza aiweke wapi. Nikamwambia popote atakapoisikia akiwa amelala.

Mzee Bukuru, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, amesaini kupokea kazi. Anaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama anayepanda mahindi.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Mvua. Ndizi kwa maharage. Sina la kuandika.

Jumanne, 18 Machi

Mzee Bukuru amepiga simu asubuhi. Chanjo zimeharibika.

Nimeandika alivyosema. Jumapili mchana panya alikata waya wa sola. Betri ikaisha, friji ikaanza kupata joto. Jioni ilinyesha sana. Nesi hakuvuka kwenda kuangalia, maana kengele ipo. Jumatatu, siku ya kliniki, alipofungua friji akakuta alama kwenye vichupa zimegeuka rangi. Zikigeuka, chanjo haifai tena. Akafunga mlango wa friji, akatoka nje na kuwaambia akina mama warudi nyumbani. Wengine walikuwa wametoka kabla hakujapambazuka, watoto mgongoni.

Kengele haikulia. Hivyo ndivyo nesi anavyosema.

Wapo wanaosema ililia, ila yeye alikuwa amelala, au hakuwepo kabisa.

Mzee anataka nije kesho niangalie, niandike maelezo. Amesema "maelezo" kwa sauti ya ofisini.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda. Waya wa sola wameshaunga. Bodi ya kwenye friji inapima vizuri. Betri zote nzima.

Nimemwuliza nesi bodi yake aliiweka wapi. Amefungua mlango wa chumba kwa upana ili nione nikiwa nje. Iko juu ya sanduku la bati, chini ya kitambaa cha kufuma. Kitu cha thamani kwetu hukaa hapo. Redio ya bibi yangu ilikaa juu ya sanduku na kufunikwa kitambaa hadi bibi akafa.

Bati chini ya antena. Antena inataka hewa. Chuma au shaba ikiwa karibu, mawimbi hayafiki mbali.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu humu hakuna atakayesoma. Nilifurahi kama mtu aliyepekuliwa mfuko asikutwe na kitu.

Maelezo nimeyaandika palepale kwenye benchi la Mzee Bukuru. Kifaa ni kizima. Mtumiaji alikiweka juu ya bati, ndiyo maana hakikupokea. Nikasaini. Nesi alikuwa ndani anapima ujauzito wa mtu. Sikumsubiri.

Alhamisi, 20 Machi

Nimelala vizuri. Nimetengeneza simu mbili na feni moja.

Wakati wa uji nilimweleza Leokadia habari ya sanduku. Akauliza kama nilimwambia nesi asiiweke juu ya bati. Nikasema nilimwambia popote. Aliendelea kukoroga.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda uwanja wa shule ya msingi na jozi zilizobaki karakanani, ya mfano na mpya, daftari na kalamu. Nilitaka kuhakikisha tu. Nilitaka, kwa kweli, Leokadia aache kunitazama.

Sina mashine ya kupimia mawimbi. Napima kwa miguu. Naacha bodi moja juu ya kigingi, naondoka na nyingine, nahesabu hatua hadi taa yake ya kupokea mawimbi izime.

Jozi ya mfano, yenye kidirisha nyuma: hatua mia moja thelathini. Nikaiweka juu ya kipande cha bati: themanini. Inapungua, lakini inafika.

Jozi mpya, bila bati lolote: hatua arobaini na mbili.

Nikarudia. Arobaini na moja. Nikabadilisha betri. Arobaini na tatu. Nikaenda nyuma ya migomba iliyolowa, nyuma ya ukuta wa choo cha walimu. Hatua kumi na tano, kimya.

Kutoka friji hadi mlango wa nesi ni hatua thelathini na nane. Nilizihesabu Jumatano, bila sababu. Mlango wazi siku niliyofunga kifaa, jua limetoka, mimi kizingitini: ndiyo maana ililia. Ongeza ukuta, ongeza migomba iliyonyeshewa. Isingelia hata angeiweka juu ya mto wa kulalia.

Niligeuza bodi. Nyuma ni shaba tupu. Inang'aa, nzuri kutazama.

Si sanduku. Ni mimi.

Jumapili, 23 Machi

Misa. Sikupokea komunyo. Leokadia ameona.

Jumatatu, 24 Machi

Nimechukua wembe na kukwangua shaba ya nyuma, chini ya antena na pembeni yake. Kipande cha ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kwenye bodi zote mbili za jozi moja. Nikarudi uwanjani.

Hatua mia moja ishirini na tano.

Dakika kumi za kukwangua. Nimekaa chini kwenye nyasi zilizolowa na sikujali suruali. Hasira nilizokuwa nazo sikuwa na wa kumpa.

Jumanne, 25 Machi

Gulioni wanalizungumza. Alhamisi kuna mkutano wa kijiji pale zahanati. Kamati itaandika wilayani kuomba nesi aondolewe. Anayeuza mafuta ya taa anajua kila kitu: nesi alikwenda harusini, nesi ana dharau, nesi si wa kwetu. Biharamulo imekuwa nchi ya mbali ghafla. Na huyo muuza mafuta mwenyewe babu yake alivuka kutoka Burundi na mkeka mmoja, kama babu yangu.

Mzee Bukuru amepiga simu kunishukuru. Maelezo yangu yameeleweka vizuri sana, anasema. Ndiyo yatakayosomwa.

Naogopa. Nikisema, zahanati mbili zilizobaki hazitazichukua bodi zangu. Bukiriro ni ndogo, fundi akishasemwa amesemwa.

Ipo njia nyingine. Niende na ile jozi niliyokwangua, niseme nimekuja kukagua, nibadilishe kimyakimya. Kengele italia tangu hapo. Nesi ataondoka, atakuja mwingine, hakuna chanjo itakayoharibika tena. Nimeifikiria njia hii kwa makini, hatua kwa hatua, jinsi ninavyofikiria bodi. Haina kasoro isipokuwa moja.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Redio ya katekista, swichi mbovu. Sijamwambia mtu kitu.

Leokadia ameuliza mara moja tu: "Ulijua?"

Nimesema nilijua. Akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Watu walijaa baraza la zahanati hadi kwenye matope. Nesi Domitila alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele, sare yake imepigwa pasi, mikono mapajani. Mwanamume wa kamati alieleza ya friji. Halafu mama mmoja kijana, mtoto akinyonya, akasimama. Siku ile ya kliniki alitoka Kibimba kwa miguu. Hakupaza sauti.

"Nesi alirara," alisema. "Kengere ya watoto wetu imelia, yeye amerara."

Watu wakaguna kukubali. Nesi alitazama mbele.

Kisha Mzee Bukuru akavaa miwani na kusoma maelezo yangu. Anasoma kama anavyoandika. Alipofika kwenye sanduku la bati nesi aligeuka kunitafuta kwa macho. Ndipo nilipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa hajaambiwa. Amesikia kosa lake pamoja na kijiji kizima.

"Hukuniambia, mwanangu," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeuliza, kama kwamba labda niliwahi kumwambia na yeye ndiye amesahau. Hapo ndipo aibu ilinishika, si kabla. Kabla ya hapo ilikuwa woga tu.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakaniponyoka. Nikasema: "Hayo maelezo si kweli. Bodi ndiyo mbovu. Nimeitengeneza mimi, na nilijua inavyotakiwa kuwa."

Mvua kwenye bati.

Nikatoa bodi mbili na kuzipitisha. Hii ina shaba nyuma, hii nimeikwangua. Nikaeleza ya antena na hewa. Sidhani kama walioelewa walizidi watatu. Bodi zilipita mkono kwa mkono, wengine wakizinusa. Nikasema nilipima uwanjani, nikataja hatua. Hatua walizielewa. Wote hapa wanapima shamba kwa miguu.

Mzee Bukuru alivua miwani. Akauliza kwa nini niliacha hiyo shaba kama nilijua.

Nikasema nilikuwa nabana asidi. Na uvivu.

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliomba karatasi nyingine, akanipa kalamu, na nikaandika upya mbele ya watu wote: kengele haikulia, nesi hakulala kazini, na kuacha kwake kuvuka jioni ile kulitokana na kuitegemea kengele niliyomfungia mimi. Nikasaini.

Barua ya kuomba aondolewe haikuandikwa. Lakini maelezo ya kwanza yalikuwa yameshapelekwa wilayani tangu wiki iliyopita. Mzee anasema yakishaingia kwenye jalada hayatolewi. Haya mapya yatawekwa juu yake.

Watu walipotawanyika nilimfuata nesi kuomba radhi. Alikuwa anafagia matope barazani. Alisema amesikia. Aliendelea kufagia.

Ijumaa, 28 Machi

Zahanati mbili zimetuma ujumbe. Wamesema nisubiri kwanza. Maana yake naijua.

Mtu mmoja karakanani ameniambia nimefanya la kiume. Nimemwambia aache redio yake na aende. Sijisikii mwema hata kidogo. Nilikaa siku tano na ukweli mfukoni, na ningekaa zaidi kama asingegeuka kunitazama.

Leokadia amepika. Tumekula. Amenisogezea ndizi iliyoiva vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepeleka jozi iliyokwanguliwa. Mzee Bukuru alikuja na mkewe, wakaingia ndani na nesi, mimi nikabaki kwenye friji na kikombe cha maji ya moto. Tukajaribu milango ikiwa imefungwa. Tukajaribu mvua ikinyesha. Tukajaribu hadi Mzee akachoka na kusema sasa ametosheka.

Inalia kila mara. Nesi amesema asante. Sauti ya kazini.

Ameniambia pia kwamba jioni anavuka mwenyewe kama zamani, magoti au si magoti.

Jumatatu, 14 Aprili

Chanjo mpya zilifika wiki iliyopita. Leo ni kliniki. Nimepanda mlimani asubuhi, kisingizio ni kukagua betri.

Mabenchi matatu barazani. Kwa kawaida hayatoshi, wengine hukaa chini. Leo yamekaliwa na akina mama tisa.

Nesi Domitila alitoka na daftari la siku ile aliyowarudisha watu. Akaanza kuita majina kwa mpangilio, kutoka juu. Anaita, anasubiri, anaita tena, anaweka alama ndogo, anashuka jina linalofuata. Hakuruka hata moja. Majina mengi hayakuitikiwa na mtu. Wale tisa walisikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi na betri zilikuwa nzima.

Nilidhani nilimrudishia kila kitu siku ile ya mkutano. Nilimrudishia kazi tu. Watu walinisikia, wakakubali, na watoto wao hawakuwaleta.

Alipomaliza na wale tisa alifunga daftari na kuja nilipo. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano alinitazama usoni.

"Pikipiki yako ina mafuta?"

Nikasema ina mafuta.

"Basi twende. Mimi nitapiga hodi. Wewe utaeleza."

Akafungasha chanjo kwenye kasha la baridi, akalipakata, akakaa nyuma yangu kwa ubavu. Tumepita vilima vyote vya upande huu na kushuka hadi Kibimba. Kwenye kila mlango yeye alipiga hodi, akasalimia, akauliza habari za mtoto, kisha akanyamaza na kusogea kando. Hapo zamu yangu. Mimi ndiye niliyetengeneza kengele. Ilikuwa mbovu, nilijua inavyotakiwa kuwa. Nesi alikataa kuwapa watoto wenu chanjo iliyoharibika. Huyu hapa na mpya.

Mlango wa kwanza nilieleza vibaya, nikaingiza antena na shaba, baba mwenye nyumba akaniuliza kama nauza redio. Wa tatu walitukaribisha kwa mihogo. Wa tano walisema watafikiria. Wa sita hapakuwa na mtu. Jirani anasema wamerudi Burundi. Nesi aliandika jambo daftarini na kubaki amesimama uani kwao kwa muda. Kufikia wa nane maneno yalikuwa yamebaki machache na hayakunikwama.

Wa kumi na mbili ulikuwa wa yule mama kijana aliyesema mkutanini. Alikuwa anaanua mtama. Nikamweleza. Akaniambia alikuwepo, alishasikia. Nikasema najua, lakini nimekuja kumwambia kwake.

Alitutazama mimi, kisha nesi. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na mtoto akiwa bado na usingizi, akamweka kwenye mikono ya nesi Domitila.

Sindano ilipoingia mtoto alilia kidogo. Tulirudi kabla ya mvua. Imebaki milango saba, tutaiendea Jumatano.